Gari la Turubai katika Mvua ya Rusizi

Basi la kutoka Kigali liliingia msitu wa Nyungwe yapata saa nane mchana, na kabla hatujapita kona ya tano mvua ikatushukia. Nilikuwa nimekaa dirishani. Mpira uliozunguka kioo changu ulikuwa umesinyaa kwa uzee na kujibandua pembeni, ukaacha upenyo usiozidi unene wa sarafu. Walakini kwa upenyo huo huo maji yalipata njia, yakanilowesha bega, kisha mkono wa shati, kisha paja. Mama mmoja aliyeketi karibu nami, amepakata kikapu cha parachichi, alinionea huruma akanipa kipande cha kitenge nijikinge. Mfuko wa nailoni hakuwa nao, maana nchini Rwanda mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu mwaka 2008.

Nilimshukuru huku nikicheka moyoni. Ndugu msomaji, safari yangu yote ile, kutoka Kigoma hadi Kamembe, ilikuwa ni kwa ajili ya mpira wa dirisha.

Ilikuwa Februari 2019. Wiki mbili kabla yake mdogo wangu wa kike, aliyeolewa Kamembe tangu mwaka 1987, alinipigia simu kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto wetu. Alisema mume wake ameweka akiba ya fedha zinazotosha mabati thelathini, na kwamba jiko lao linavuja kiasi cha kupikia chini ya mwavuli. Badala ya kununua mabati, shemeji yangu alikuwa amekata shauri kuagiza Ujerumani mipira na nikeli za madirisha ya gari lake kuukuu, gari lenyewe la paa la turubai, ambalo halikuwa limevuka lango la ua kwa miaka mitatu.

"Kaka," alisema, "wewe ulikuwa fundi jeshini. Njoo umwambie mwenzako kwamba kile ni chuma chakavu. Mimi nikisema, huniitikia vizuri kisha akaenda kulifuta vumbi."

Kwa hiyo nilikwenda kama hakimu, na mbaya zaidi, hakimu aliyekwisha kuhukumu njiani.

MAJI YAGAWANYIKAPO

Njia ya Huye kwenda Kamembe hupita ndani ya Nyungwe kwa zaidi ya kilomita 50. Ukifika Kitabi mashamba ya chai hukoma ghafla, kana kwamba mtu amechora mstari kwa rula, na msitu ukaanza. Ni msitu wa milimani wenye miti mirefu iliyovaa kuvumwani, ukungu ukining'inia mabondeni hata mchana, na aina 13 za nyani na jamaa zake, sokwe wakiwamo. Wakati ule ulikuwa tayari hifadhi ya taifa. Mwaka 2023 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Hapa na pale askari wa doria walisimama kando ya barabara katika makoti ya mvua, midomo ya bunduki ikielekea chini ili maji yasiingie mtutuni. Hiyo nayo ni elimu ya mvua, ambayo kila kuruta hufundishwa mapema.

Mgongo wa msitu huo ndio mpaka wa maji ya Afrika. Tone linaloanguka upande wa mashariki huingia mito ya Rukarara, Nyabarongo na Akagera, likafika Ziwa Victoria na mwishowe Nile na bahari ya Mediterania. Tone linaloanguka upande wa magharibi huteremkia Ziwa Kivu au mto Rusizi, likaenda Tanganyika yetu, likatoka kwa mto Lukuga na kuingia Kongo hadi Atlantiki. Yametoka katika wingu moja, na kinachoyatenga ni mwinuko wa ardhi tu: hakuna ukuta, hakuna kizuizi, ni namna ya kuelekezwa. Niliwaza hayo kwa sababu nilikuwa nimelowa na sina la kufanya. Sikujua kwamba siku mbili baadaye fundi mmoja angenirudishia wazo lile lile akiwa ameshika mlango wa gari.

Tulipotoka msituni upande wa Gisakura, chai ikarudi, na mvua ikakatika kama ilivyoanza.

KAMEMBE

Watu wengi bado husema Cyangugu, kwa mazoea. Jina hilo lilikuwa la mkoa mzima hadi mwaka 2006, Rwanda ilipopanga upya mikoa yake. Tangu hapo wilaya ni Rusizi, ndani ya Jimbo la Magharibi. Mji wenyewe una sehemu mbili. Cyangugu ya zamani iko chini ziwani, kwenye daraja la mpakani, na Kamembe iko juu kilimani, penye soko, kituo cha mabasi na uwanja wa ndege. Mtu akisimama Kamembe jioni huona Bukavu ng'ambo, mji wa Kongo uliojengwa juu ya rasi zinazoingia majini kama vidole vya mkono. Zama za Wabelgiji uliitwa Costermansville. Kati ya miji hiyo miwili hupita mto Rusizi, ambao hutoka Kivu kwenye kimo cha mita 1,460 hivi na kuporomoka karibu mita 700 kabla ya kufika Tanganyika. Ukiusikia ukinguruma pale chini huhitaji kuelezwa kwa nini walijenga mitambo ya umeme juu yake.

Kiswahili hakikunipa taabu. Bunge la Rwanda lilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, lakini hapa Kamembe, na zaidi bondeni Bugarama, penye mpunga na kiwanda cha saruji, watu walikuwa wakikisema tangu zamani kwa biashara ya Bukavu na Bujumbura. Ni Kiswahili chenye kofia ya Kifaransa, lakini mwili ni ule ule.

Chakula cha usiku kilikuwa ugali na sambaza wa kukaanga. Kwa mtu wa Kigoma huo ni mkutano wa ndugu waliopoteana, kwani sambaza wa Kivu ni jamaa ya dagaa, waliochukuliwa Ziwa Tanganyika na kupandikizwa huku mwishoni mwa miaka ya 1950. Dada alitupakulia kimya. Ndoo tatu zilikuwa zimepangwa jikoni chini ya matobo ya bati, na kila moja ililia kwa sauti yake. Shemeji alizitazama, akanitazama mimi, akainama kwenye sahani.

"Shemeji," aliniambia hatimaye, "kesho utaliona. Ukishaliona, sema lolote."

GARI LENYEWE

Nililiona alfajiri, bandani, chini ya shuka kuukuu. Ni Volkswagen ya mgongo wa kobe, ya mwaka 1969, rangi ya maziwa, yenye paa la kukunja. Magari ya namna hiyo hayakuunganishwa na Volkswagen yenyewe. Yaliundwa na kampuni ya Karmann katika mji wa Osnabrück, Ujerumani, tangu mwaka 1949 hadi 1980, zaidi ya 330,000 kwa jumla. Paa lake si turubai jembamba kama la Land Rover zetu. Lina tabaka kadhaa zilizoshonwa pamoja, na nyuma lina dirisha la kioo cha kweli, hata likifungwa mtu husahau kwamba si bati. Ajabu yake ni kwamba milango haina fremu juu ya kioo. Kioo hupanda peke yake hewani na kwenda kukutana na ukanda wa mpira ulioshikwa kwenye kiunzi cha paa. Wakikutana sawasawa, mvua hubaki nje. Wakikosana kwa unene wa ukucha, abiria huoga.

Hapo walikuwa wamekosana vibaya. Mipira ya paa ilikuwa migumu kama ganda la muwa na imepasuka. Kanda za chini ya kioo, zile zinazokifuta kinaposhuka mlangoni, zilikuwa zimeng'oka pamoja na nikeli yake, zikining'inia. Nikeli ya kioo cha mbele ilikuwa imechomoka nusu. Juu ya hayo yote mtu fulani, fundi wa miaka ya nyuma, alikuwa amepaka gundi nyeupe ya silikoni kila mahali kama anayeziba nyufa za choo.

Shemeji alilinunua Bukavu mwaka 1986, kwa mwalimu wa Kizungu aliyekuwa akirejea kwao. Yeye mwenyewe alikuwa dereva wa malori. Mwaka 1993 aliwaleta mke na watoto Kigoma kwa wazazi wetu, naye akafuata. Waliporudi Kamembe mwaka 1996, baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, nyumba yao haikuwa na paa, wala milango, wala kijiko. Majirani wengi hawakuwapo tena duniani. Katika banda lililoanguka, chini ya matofali na majani ya migomba, lilikuwamo gari, bila magurudumu, bila viti vya mbele, taa zimetolewa. Ndicho kitu pekee cha maisha yao ya kwanza walichokikuta. Alilitengeneza kidogo kidogo kwa miaka tisa.

Hayo aliniambia mara moja tu, kwa maneno machache kuliko niliyoyaandika, akiwa anafuta kioo ambacho kilikuwa safi. Sikuwa na haraka tena ya kutoa hukumu.

Hata hivyo niliinua zulia la nyuma. Maji yalikuwa yamesimama chini yake, na kutu ilikuwa imeanza kulila bati la sakafu karibu na betri, ambayo kwa magari haya hukaa chini ya kiti cha nyuma. Masika ya Machi yalikuwa mlangoni. Msimu mmoja zaidi wa namna hiyo, na pale pangekuwa na tundu la kupitisha mguu. Kwa hiyo dada alikuwa na haki kuhusu jiko, na shemeji alikuwa na haki kuhusu haraka.

Kisha likatokea la kutokea. Nilipomshauri shemeji aahirishe kuagiza, alitoka akarudi na boksi lenye stempu za Ujerumani. Kumbe alikuwa amekwisha kuagiza mipira ya kiunzi cha paa na kanda za milango, na boksi lilikuwa chini ya kitanda kwa siku kumi. Theluthi ya fedha za mabati ilikuwa imekwenda. Dada alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo. Hakusema neno. Aliliweka beseni chini polepole, na mimi nimeshuhudia milio ya mizinga ambayo haikunitisha kama ukimya ule.

KARAKANANI

Fundi tuliyempata alikuwa na kibanda nyuma ya soko, mtu wa Bukavu aliyevuka daraja kila asubuhi, kama walivyofanya wengi siku zile. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilitazamia aanze na boksi la mipira. Hakuligusa. Alifunga mlango wa gari, akapitisha kidole kwenye mwanya kati ya mlango na bodi, toka juu hadi chini, pande zote mbili. Kisha akagongagonga kwa mpini wa bisibisi lile boksi la bati lililo chini ya mlango, akitega sikio.

Alieleza sababu. Gari lisilo na paa la bati hubebwa na maboksi hayo mawili ya chini. Yakioza, gari zima hulegea katikati, mianya ya milango hubadilika, na hapo hakuna mpira duniani utakaokifuata kioo kilikokwenda. Wenye magari ya namna hii hununua mipira mipya, wakaibandika, wakavujiwa, wakalaumu mpira. Upande wa kushoto mlio ulikuwa mkavu na mzuri. Kulia palikuwa na mahali padogo, kama kiganja, palipolia kama debe. Alipakata, akapachomelea kipande kipya na kupapaka rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Mpira baadaye.

La pili lilikuwa kuondoa ile silikoni. Aliikwangua kwa kipande cha mbao, si kisu, asije akachuna rangi. Alisema iliyopakwa hapa ni ya aina ile inayonuka siki inapokauka, na siki hiyo huliuma bati lililo wazi. Tena ikikauka huwa ukuta, maji yaliyokwisha kuingia hayapati pa kutokea. Chini ya kila mlango kuna matundu madogo, nayo yote yalikuwa yamezibwa. Alipozibua la kwanza kwa waya, yalitoka maji ya rangi ya chai, matope, majani, sarafu moja ya Zaire na kibanio cha nywele cha mwanamke. Shemeji alikiokota, akakifuta, akakitia mfukoni.

Ndipo niliposema, kwa ujuzi wangu wa jeshini, kwamba afadhali yale matundu tuyaache yamezibwa maji yasipande kutoka chini. Fundi alinitazama juu ya miwani.

"Maji haiko mubaya, muzee," alisema. "Mubaya ni kuifungia ndani."

Nikakumbuka Nyungwe. Mlango wa gari lolote, hata jipya, huingia maji. Kioo kinapolowa na kushuka huteremka nayo. Ukanda wa mpira hupunguza na kuelekeza. Yanayopita huteremka ndani ya bati la mlango na kutoka kwa matundu ya chini, bila kumgusa abiria. Anayeziba matundu ili gari lisivuje ndiye anayeliozesha. Nakiri kwamba katika karakana ya kikosi chetu tulitibu Land Rover kwa miaka bila kulifikiri jambo hili. Wenzangu wa wakati ule watakumbuka madirisha yale ya kusukuma, na ule ukoga wa kijani uliokuwa ukiota ndani ya mifereji yake kama bustani. Tulikuwa tukiucheka. Ulikuwa unatuambia kwamba maji hayana pa kwenda.

NIKELI, UZI NA SABUNI

Kazi ya kurudisha nikeli na kanda za milango ilichukua siku nzima. Nikeli, ambayo hasa ni alumini iliyong'arishwa, ilikuwa imepinda. Aliilaza juu ya ubao na kuinyoosha kwa nyundo ya mti, pigo dogo dogo, akianzia penye mpindo mdogo. Ukanda wa mpira hushikwa na nikeli hiyo kwa klipu ndogo za chuma, na za zamani zilikuwa zimekuwa unga. Kutoka Ujerumani zingekuwa za fedha nyingine. Fundi aliomba kipande cha bati la pua lisiloshika kutu, na shemeji, bila kufikiri matokeo, akaleta kifuniko cha sufuria. Klipu kumi na nane zilitoka humo. Kila moja ilipakwa vanishi kabla ya kuguswa na alumini, kwa sababu metali mbili zisizofanana zikikaa pamoja katika unyevu, moja humla mwenzake. Na mlangoni unyevu haukosekani. Ule mfereji wenye kitambaa laini ambamo kioo huteleza aliununua kwa mita, wa Toyota, upana ule ule. Boksi la Ujerumani lilitoa vile tu visivyoigika: kanda za milango na mipira ya paa yenye maumbo yake.

Kioo cha mbele ndicho kilichonifurahisha. Nikeli yake haibandikwi gari likiwa zima. Sharti kioo kitolewe, kivalishwe mpira, nikeli ipachikwe katika mfereji wa mpira mezani, kisha vyote vitatu virudi pamoja. Fundi alizungusha uzi mnene wa nailoni ndani ya mfereji wa pili wa mpira, ule unaoumwa na bati la bodi, akaacha ncha mbili zikutane chini katikati. Akapaka povu la sabuni. Mimi na shemeji tulikiegemeza kioo kwa viganja kutoka nje, yeye akaingia ndani na kuuvuta uzi taratibu. Kila uzi ulipotoka, mdomo wa mpira uliruka juu ya bati na kukaa mahali pake, mfano wa mtu anayevaa gamubuti. Mara mbili alitupigia kelele tusisukume kwa vidole, tusukume kwa kiganja kizima, maana kioo huvunjika penye ncha. Robo saa, kikawa kimekaa.

Kuhusu mafuta alikuwa mkali. Wengi wetu, tukiona mpira unakwamakwama, hupaka mafuta ya taa au grisi. Mpira mwingi huvimba kwa vitu hivyo, ukalainika, ukaharibika. Sabuni ya kawaida wakati wa kufunga; baadaye, mara mbili au tatu kwa mwaka, glisirini kidogo kwa kitambaa, hiyo hiyo ambayo akina mama huwapaka watoto midomo wakati wa baridi. Na mahali pa kugundisha, gundi ipakwe pande zote mbili, isubiriwe hadi kidole kikigusa hakinati, ndipo vipande vikutanishwe. Kwa hewa ya Kamembe iliyojaa unyevu, subira hiyo ni ndefu kuliko ilivyoandikwa kwenye kopo. Tulisubiri kwa chai ya mkandaa.

Usiku ule dada alitafuta kifuniko cha sufuria yake.

KARATASI NA CHAKI

Siku ya tatu ilikuwa ya kupatanisha kioo na paa. Ndani ya mlango kuna bolti zinazoamua kioo kipande hadi wapi na kiinamie wapi. Fundi alipaka unga wa chaki kwenye mipira mipya ya paa, akapandisha kioo, akakishusha. Mstari mweupe uliobaki juu ya kioo ulionyesha walipogusana. Mbele ulikuwa mnene, nyuma haukuwapo kabisa. Akalegeza bolti, akasogeza kidogo, akajaribu tena. Nilihesabu mara kumi na moja upande wa kulia pekee.

Dada alikuwa amekuja na chakula, akasimama kutazama, mikono kiunoni. Baada ya mara ya saba alisema, "Mbona mnahangaika na chaki? Wekeni karatasi." Tukamgeukia. Akaeleza kwamba mpira wa mlango wa friji ukichoka, yeye hubana kipande cha karatasi mlangoni na kukivuta. Kikitoka bure, baridi inatoka hapo. Fundi alicheka, akachana ukurasa wa daftari lake la madeni. Wakapitisha karatasi inchi kwa inchi kuzunguka kioo, dada akivuta kutoka nje. Palipolegea alisema "hapa", na fundi akaweka alama. Walimaliza upande wa kushoto kwa nusu ya muda wa ule wa kulia. Kaya yenye friji inaweza kujaribu jambo hilo leo hii, na anayelala katika gari la doria usiku wa baridi pia.

Wakati wanakusanya vyombo, fundi alitaja gharama yake. Shemeji alihesabu, akalipa, kisha fedha zilizobaki akazitia zote mkononi mwa mkewe, mbele yetu. Zilitosha mabati kumi na tisa. Dada alizihesabu mara mbili. "Jiko linataka kumi na sita," alisema. "Na kifuniko cha sufuria."

Mabati yalipigwa juma lililofuata. Mimi mwenyewe nilishika ngazi, na misumari niliisisitiza ipigwe kwenye mgongo wa bati, si bondeni, kila mmoja na kipande chake cha mpira chini ya kichwa. Lakini jioni ile ya siku ya tatu lilibaki jaribio la mwisho.

Fundi alisema maji yamwagwe polepole, kuanzia chini ya kioo na kupanda juu, si kuanzia paani. Ukianzia paani utalowesha kila mahali na hutajua lilikoingia. Mtu mmoja akae ndani na tochi. Shemeji akampa mkewe tochi, akachukua ndoo.

"Hapana," dada alisema. "Mwaka 1988, usiku ule wa mvua ulipokuwa ukinipeleka hospitalini nikajifungue, nani alikaa nyuma?"

"Ni wewe."

"Na nani alilowa toka Kamembe hadi kitandani?"

Shemeji alimkabidhi ndoo, akaingia kiti cha nyuma na tochi yake, mzee wa miaka sabini na miwili, magoti yakimgusa kidevu. Tulifunga milango. Dada alimwaga kopo la kwanza chini ya kioo, la pili juu kidogo, bila haraka, akizunguka gari kama anayemwagilia mchicha. Watoto wa jirani walikuwa wamepanda ukutani. Ndani tuliona mwanga wa tochi ukitembea kwenye mipira, ukisimama, ukiendelea. Ndoo tatu zilikwisha. Kutoka chini ya milango maji yalichuruzika kwa matundu yote manne, safi, yakaingia mchangani.

Hatimaye shemeji alishusha kioo.

"Tone moja," alisema.

"Wapi?"

Alimulika kona ya nyuma, upande wa kulia, juu kidogo ya kiti.

"Pale pale ulipokaa."

Dada alimtazama kwa muda, akaenda kujaza ndoo ya nne, na fundi akaanza kutafuta bisibisi yake.